Wufa ya Inchi Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti
Baridi ya Antsirabe leo inauma hadi meno. Na nimeahidi. Mbele ya watu!

Dada yangu Bakoly alikuwa akituambia kwamba Jumamosi tunakwenda Betafo kumposea mwanawe Mamisoa. Msemaji wetu ni Mzee Rainizafy, hakuna kama yeye kwa hotuba, ila tangu apasuliwe koo sauti imebaki nusu. Ua wa wakwe utakuwa na watu mia. Kwa hiyo Bakoly ameomba kipaza sauti cha kanisani.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema kanisa libaki na chake, spika nitaiunda mimi. Boksi la mbao, ndani spika mbili: wufa kwa sauti nzito, twita kwa sauti nyembamba. Nikawakumbusha ile niliyounda Fianarantsoa, ambayo ng'ombe wa bonde la pili walicheza hadi maziwa yakaganda. Mamisoa akauliza, mjomba, si ndiyo ile iliyoshika moto? Vijana wa leo wanakumbuka vitu vidogo vidogo.

Bakoly amekwenda kukataa kile cha kanisani. Nusura nimwite arudi.

Maana wakwe wenyewe si wa mchezo. Kwao msemaji wa posa asipoanza kwa kuomba radhi, kwa wazee, kwa mababu, kwa jua lililo juu na ardhi iliyo chini, ni tusi. Wanakunja mikeka. Mwaka juzi walimrudisha kijana mmoja na kondoo wake wa posa. Na Mamisoa kwa yule binti, Hantanirina, amekonda kama mwiko.

Jumanne, 5 Agosti
Sokoni, kwa Vololona fundi wa redio. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika koleo. (Yeye husema ni kinyume. Hana kumbukumbu nzuri.)

Nikaomba spika mbili za kubeba hotuba. Akaniwekea wufa ya inchi sita na nusu, na twita yenye kuba ya kitambaa, pana kama kifuniko cha mtungi. Eti hizi zinaelewana. Pale wufa inapochoka, twita inapokea, kama watu wanaopokezana ndoo ya maji.

Inchi sita! Sahani ya kulia mtoto! Nikamwambia napeleka sauti Betafo, siipeleki kwenye sikio la paka.

Ndipo nikaiona chini ya meza. Inchi kumi na mbili! Imetolewa kwenye gari la bwana mmoja aliyekuwa akipita nayo, vioo vya mji mzima vinatetemeka. Sumaku nzito kama jiwe la kusagia. Nikaikumbatia. Kwa twita nikachagua moja ndogo kama kifungo cha shati, kali kama nzige. Mzito kabisa na mwembamba kabisa. Nini kitapona?

Nimefika barabarani, Vololona ananiita. Anasema wewe mzee, hiyo kubwa inajua kunguruma tu, na hiyo ndogo inajua kulia tsi-tsi tu. Katikati yao kuna shimo, na sauti ya binadamu inakaa humo humo shimoni. Nikamjibu shimo liko kichwani kwake. Wateja wakacheka sana. Sina hakika walikuwa upande gani.

Jumatano, 6 Agosti
Boksi. Mbao zangu hazikutosha. Mlango wa kabati la Bakoly ukatosha, na kwa vipimo vile vile! Jambo kama hilo si bahati, ni ishara. Bakoly hajaliona kabati.

Wufa imeingia kwa nyundo.

Lile neno la shimo limenifuata siku nzima. Napiga msumari, shimo. Nakunywa uji, shimo. Fitina ya mwanamke mwenye spika ndogo.

Saa kumi: Bakoly ameliona kabati.

Alhamisi, 7 Agosti
Majaribio! Nimeunganisha betri ya gari, amplifaya na kaseti ya muziki wa pwani. Mama yangu! Kuku wameruka ukuta. Sufuria imetembea jikoni peke yake hadi mlangoni, nina mashahidi. Na juu yake ile twita, tsi-tsi-tsi, safi kama mvua kwenye bati.

Bakoly akasikiliza amekunja mikono. Akauliza, kaka, mwimbaji ameenda wapi?

Nikamwambia mwimbaji wa kaseti hiyo ana haya.

Akasema anaujua wimbo huo tangu usichana wake na mtu huyo hajawahi kuwa na haya. Nikaongeza sauti ili asiendelee.

Ijumaa, 8 Agosti
Vololona amekuja hadi mlangoni na ile inchi sita yake na ile kuba, zimefungwa kwenye khanga. Anasema chukua, bwana, utarudisha Jumatatu, usimwaibishe mtoto wa watu. Nimemwambia posa si mahali pa kujaribia vitoto vya spika. Akanitazama kama mtu anayetazama chungu kikichemka na kumwagika, akaondoka nazo.

Mchana Mzee Rainizafy amekuja kujaribu hotuba kwenye maikrofoni. Nikamwambia tutunze betri. Ni kweli betri hutunzwa. Ni kweli pia kwamba nilikuwa naogopa kusikia.

Mamisoa hajala. Mimi pia. Bakoly ametupikia wali na mboga, kisha ameula mwenyewe huku akituita maiti wawili.

Jumamosi, 9 Agosti
Naandika nikiwa nimekalia boksi.

Ua ulijaa. Wao upande wa mashariki, sisi magharibi, katikati uwanja mpana wa udongo mwekundu. Mzee Rainizafy akaweka shuka lake begani, akashika maikrofoni, akaanza kuomba radhi. Niliona midomo yake. Wazee aliwataja, mababu aliwataja, nina hakika. Boksi likatoa: buum. Tsi-tsi. Buum. Radhi yote, dakika kumi za radhi tamu, ikaingia shimoni na haikutoka.

Msemaji wao akasimama. Akasema wamesikia radi na wamesikia nzige, lakini mtu hawajamsikia. Akauliza ni ukoo gani huu unaoingia kwa watu bila hata kusema samahani? Bibi yake Hantanirina akaanza kukunja mkeka.

Mamisoa akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile. Nikafanya alilopaswa kufanya fundi: nikaongeza sauti.

Radi! Vumbi jekundu likainuka uwanjani. Mtoto akalia. Mkeka wa pili ukakunjwa.

Ndipo Mamisoa akaja, akang'oa waya.

Boksi likazimika. Mzee Rainizafy akaiweka maikrofoni chini, akavuka uwanja polepole hadi mbele ya yule bibi, akaanza upya. Kwa nusu ile ile ya sauti. Upande wao wakainama kusikiliza. Wa nyuma hawakusikia, wakasogeza mikeka mbele. Na sisi tukasogea, vipi tukae mbali? Wengine walikuwa wakiambiana shh, wewe, nyamaza, anaomba radhi kwa jua. Alipofika kwa mababu tulikuwa tumekaa goti kwa goti, Betafo na Antsirabe, hujui nani wa nani. Bibi akafuta macho. Msemaji wao akasema radhi iliyowafanya watu wainame ni radhi kweli.

Wamekubali! Mamisoa analia kama mtoto. Hantanirina mwenyewe ameniletea sahani ya nyama hapa nilipokaa, akanipa pole. Sijui pole ya nini.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani kila mtu anamsifu Mzee Rainizafy. Sawa. Lakini nimekaa nikapima kwa haki. Ni nani aliyewasogeza wale watu? Kwa kile kipaza sauti cha kanisani wangesikia vizuri, kila mmoja mahali pake, kama wageni kwenye kituo cha basi. Boksi langu ndilo lililowaunganisha. Nimemweleza Bakoly. Ameomba mlango wake.

Septemba ukoo unafungua kaburi la wazee kuwavisha sanda mpya, kama ilivyo desturi yetu. Hotuba tena, na watu mara tatu ya jana. Safari hii, nimewaambia, wasikie walio hai na wasikie na waliolala. Bakoly ameondoka mezani.

Hata hivyo mimi si mtu wa kukataa kosa. Nimeyapitia yote tangu Jumatatu, moja moja, bila kujipendelea, na nimeliona lilipokuwa.

Wufa ilikuwa ndogo.