Semina ya Kujiajiri Bangwe

Wananchi wote wa Kigoma Ujiji walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba tatizo la ajira kwa vijana lingemalizika Ijumaa, Bangwe, kabla ya chakula cha mchana, na kwamba chai ingekuwepo.

Mwenye dhamana hiyo alikuwa Bwana Erasto, Mratibu wa Kujiajiri, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida na ambaye alishaahidiwa cheo ikiwa mgeni rasmi angeondoka amefurahi. Vijana wasiokwenda chuo aliwapata upesi. Walikuwa kazini. Akawatoa wote huko kazini waje wafundishwe kujiajiri: waanika dagaa, bodaboda, na Kudra, binti anayetengeneza injini za boti. Spana za Kudra zikafungiwa kabatini.

"Bosi, kuna injini ya watu inanisubiri," Kudra akasema. "Wakinikosa leo watahamia kwa fundi wa Katonga, na ndo nitakuwa nimepoteza mteja."

"Una cheti?"

"Nashinda gereji tangu nimalize la saba."

"Huo ni uzoefu usio rasmi," Erasto akamwambia kwa huruma ya kweli. "Cheti utapewa mgeni rasmi akija kufunga semina. Bila cheti hugusi injini. Na kabla ya kufunga, hatoki mtu."

Mchana ukafika bila chai, kwa kuwa muuza chai alikuwa humohumo chini ya turubai la semina, mstari wa pili, akifundishwa kumjali mteja. Kisha simu ya Erasto ikaita.

"Boti imezima," mgeni rasmi akasema. "Tuko majini, mpaka turubai lenu naliona. Nitumie fundi."

"Fundi yupo, mheshimiwa. Ila hana cheti."

"Si umpe."

"Hakijasainiwa."

"Anasaini nani?"

"Wewe, mheshimiwa."

Mgeni rasmi aliwasili jioni akipiga kasia mwenyewe, suti imelowa hadi kiunoni. Hotuba hakuisoma. Alisaini cheti cha Kudra, kisha akaagiza kwamba kuanzia Jumatatu Mratibu naye ajifunze kujiajiri kwa vitendo, chini ya fundi huyohuyo. Cheo kikaishia hapo, na Erasto akaumia sana moyoni.

Jumatatu alifika ufukweni na ovaroli iliyopigwa pasi. Injini ilikuwa bado inamngoja Kudra, maana fundi wa Katonga naye alikuwa semina. Erasto akanyoosha mkono achukue spana.

Kudra akaivuta kwake. "Taratibu, bosi. Una uzoefu? Ule wa ofisini huku hatuuhesabu."