Kompyuta Iliyoonja Ulanzi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimechoka na wiki haijaanza. Benigna, mke wangu, ametangaza kwamba mama yake anakuja Jumapili kutoka Madaba na atalala chumba cha mbele. Chumba cha mbele ndiyo karakana yangu! Kompyuta zangu zote za zamani zimo humo. Nimeomba masharti, nimepewa. Hata moja ikiwaka kufikia Jumamosi, zote zitahamia stoo ya mahindi. Isipowaka, chuma chakavu. Nimechagua ile iliyokuwa nyeupe, sasa ina rangi ya uji wa ulezi. Ndiyo niliyojifunzia kuchapa jina langu chuoni, walipoitupa, nikaiokota. Naipenda, basi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiwasha. Feni imezunguka, kioo cheusi, halafu ikalia: tii, tii, tii. Hiyo ni RAM, kile kijibao cha kumbukumbu, kila fundi anajua. Nimeichomoa, nimesugua meno yake kwa kifutio, nimeirudisha. Tii, tii, tii. Muhsini, jirani anayeuza laptop nyuma ya ukuta wetu, amechungulia akauliza kama siku hizi nafuga vifaranga. Mtu amefunga Ramadhani, angefunga na mdomo.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Meno ya RAM yana kutu, na kutu inataka spiriti. Duka la dawa mbali, mvua kubwa, na leo nami nimefunga. Lakini uvunguni umo ulanzi wangu, pombe ya mianzi, niliouaga jana rasmi kwa ajili ya Kwaresima. Spiriti ni pombe. Ulanzi ni pombe. Mbona rahisi! Nimeosha RAM, nimeosha na pale inapochomekwa, bila uchoyo. Benigna amerudi kanisani na majivu yake kwenye paji la uso, akanusa, akauliza nani amekunywa. Nimesema kompyuta. Amesema basi na yenyewe ingefunga.

Alhamisi, 6 Machi
Sisimizi. Mungu wangu, sisimizi! Ulanzi ulikuwa bado mtamu. Wameingia kwenye matundu ya feni kwa mstari, bila hata hodi. Nimepuliza, nimegonga, nimewasha. Safari hii haikulia kabisa. Nimekaa kwenye stuli nikatazama ukuta. Imeniuma, sifichi.

Ijumaa, 7 Machi
Akili ni mali! Nimemwaga mstari wa sukari kuanzia kwenye kompyuta, nikaupitisha kwenye ufa wa ukuta, hadi kwa Muhsini. Sisimizi wameifuata wote. Nimeimba. Magharibi Muhsini akaja na bakuli mkononi. Amesema wallahi sisimizi wamefuturu uji wake kabla ya adhana. Nimempa pole. Amesema pole niitunze, maana amewafagia warudi kwetu. Kweli wamerudi, na ndugu zao. Sasa Benigna anauliza iliko sukari ya chai ya mama yake.

Jumamosi, 8 Machi
Mnunuzi wa chuma chakavu amefika. Kaletwa na nani? Muhsini. Amebeba moja baada ya nyingine, mimi nimesimama mlangoni kama mfiwa. Ile ya rangi ya uji aliikumbatia mwisho. Sisimizi wakampanda hadi kwapani. Ameitua chini haraka, akavua shati mbele ya mke wangu, akasema hiyo haichukui hata kwa kupewa bure. Benigna amesema ibaki, lakini nje, chini ya upenu.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe, Mama Kunegunda, amefika. Nimempa shikamoo yake. Amesema anajua ni Kwaresima, ila mkono mtupu haulambwi, akanikabidhi galoni zima la ulanzi. Nimelipeleka chini ya upenu nikafikiri kwa utulivu. Kompyuta zote ambazo hazikuonja ulanzi zimekwenda kuyeyushwa. Iliyoonja ndiyo pekee iliyobaki. Sasa kosa langu la Jumatano nimeliona: nilitumia kidogo mno.