Kura za Bendi ya Misumari

Jumatatu, 4 Machi

Roki mbadala katika nchi hii nimeizaa mimi. Kabla yangu watu walipiga gitaa kama wanaopangusa meza. Bendi yangu, Misumari, ina miaka ishirini, na aliyebaki tangu siku ya kwanza ni mtu mmoja tu. Sitamtaja. Ndiye anayeandika hapa.

Leo redio ya mjini imenipigia simu. Yenyewe! Mtangazaji anataka tupige moja kwa moja hewani, Jumamosi saa nne asubuhi, kusherehekea miaka ishirini. Nikamwambia ngoja nitazame ratiba. Nikahesabu mpaka tano, nikamwambia ratiba imekubali.

Nikampa habari dada yangu, fundi cherehani. Tunafanyia mazoezi chumba chake cha nyuma kwa sababu majora ya vitambaa yanameza kelele. Akauliza hiyo mbadala ni mbadala wa nini. Nikasema wa kila kitu. Akasema naona, hata wa kazi.

Wivu huo.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Mtangazaji kapiga tena. Anataka wanabendi wa zamani waje wote, wasimulie nani aliingia lini na alitoka kwa nini. Nikamwambia wengi wamekufa. Akauliza wangapi. Nikasema wamekufa kimuziki.

Wako kumi na wawili, wazima wa afya. Kila mmoja nilimfukuza kwa maneno yale yale: mimi nakupenda kama ndugu, ila wenzako wamepiga kura. Kura haikupigwa hata moja. Hao wenzake nao nikawaambia kaondoka mwenyewe. Zege, mwimbaji wetu wa kwanza, fundi ujenzi, nilisema kaitwa ng'ambo kujenga daraja. Posta, mpiga besi, mpanga barua, nilisema kaoa mwanamke asiyetaka kelele. Mpaka leo anaishi peke yake.

Wakikaa pamoja dakika tano wakalinganisha maneno, nimekwisha. Misumari itaning'oa mimi.

Na kosa lao lilikuwa nini? Moja tu. Kila mmoja alileta wimbo wake wenye ule mkao wa kihuni, ambapo kidole cha shahada kinalazwa juu ya nyuzi zote sita za gitaa kwa pamoja. Mkao huo mimi siupigi. Ni suala la maadili. Isitoshe kidole changu kiliumia siku nilipozuia lori la maji lisiteremke kilimani, na wanafunzi wamejaa mbele yake. Nililizuia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na gitaa.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Kuwanyima mwaliko haiwezekani, mtangazaji anayo majina. Basi nimewapigia wote, kila mtu nikampa saa yake. Zege nimemwambia saa kumi na mbili alfajiri. Posta, saa saba mchana. Mmoja nimemwambia Jumapili. Watapishana vizuri, hakuna atakayeona hata kisogo cha mwenzake.

Wamefurahi sana kusikia sauti yangu. Wanne walidhani nimefiwa.

Nimelala usingizi wa mchana kama waziri.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi. Siku hizi tuko watatu. Mimi, sauti na gitaa. Mpwa wangu, binti wa dada, muuza dawa, mama wa watoto wawili, anapiga drams kama anayedai haki yake. Na Friji, fundi majokofu, gitaa la pili.

Tulipopumzika mpwa kauliza mbona watu wa zamani wanampigia simu kuulizia saa. Nikauliza kwa nini wampigie yeye. Akasema, mjomba, ndiyo desturi, watu wakishaongea na wewe wananipigia mimi kuuliza ukweli. Nikamuuliza kawaambiaje. Kasema Jumamosi, saa nne, wote.

Wote!

Nikaona heri niugue. Nikamweleza Friji kidole kimeanza tena, kile nilichokiumiza nikishikilia paa la jukwaa lisiwaangukie watu mia tisa. Friji akasema alidhani ni lori. Nikamwambia lori lilikuwa juu ya paa.

Dada alikuwa mlangoni na sindano mdomoni. Alicheka nikaogopa ataimeza.

Jumamosi, 9 Machi

Studio yenyewe chumba kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai. Nje kuna benchi moja. Wote kumi na wawili wako pale, waliokosa nafasi wamepakatwa, wanacheka. Niliposogea wakanyamaza. Wakatazamana. Wakaanza kucheka upya. Nikajua wameshalinganisha.

Tukaingia hewani. Nyimbo tatu zikapita salama. Kisha mtangazaji akamgeukia Zege: imekuwaje watu kumi na wawili watoke bendi moja? Taa nyekundu ya studio ilinitazama kama mama mkwe. Zege akakohoa. Akavuta kipaza sauti. Akasema huyu Mjomba, ndivyo bendi nzima inavyoniita, ni mwalimu wetu, na mwanafunzi asiyemaliza shule ana kasoro. Wenzake wakaitikia kabisa, kabisa.

Moyo ukanitua pu! Nilitaka kumbusu Zege, ila kipaza sauti kilikuwa katikati.

Nje ndipo aliponishika bega. Kumbe! Kura zangu hawakuziamini hata siku moja. Zege alipofukuzwa kwa ajili ya ule wimbo wake, karatasi yenye wimbo alimwachia Posta. Posta alipopangiwa zamu ya jioni akakosa nafasi ya mazoezi, akautoa wimbo ule ule, kabadilisha jina tu. Kesho yake nikamfukuza. Naye akamrithisha mwingine. Wimbo mmoja, majina kumi na mawili! Ukitaka kutoka Misumari bila lawama, bila kikao, bila kusikiliza hotuba ya Mjomba, unaleta wimbo. Jioni inayofuata uko kwako unakula na watoto. Posta kasema hajaona bendi yenye mlango mzuri wa kutokea kama hii.

Zege kaniuliza, kweli Mjomba, miaka yote hukuutambua? Nikamwambia niliutambua mara ya pili, ila nilikuwa nawapima.

Wakacheka mpaka mlinzi akatutoa getini. Hakuna kinyongo. Na la kidole hakuna aliyelitaja, Mungu awabariki. Nimerudi nyumbani mwepesi kama pamba.

Jumapili, 10 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Kuanzia leo mtu akitaka kutoka nitamuuliza kwa upole, nitamshukuru, tutakumbatiana. Hakuna kura tena. Nimemtangazia dada. Akasema sawa, akaendelea kupiga pasi.

Jumatatu, 11 Machi

Friji kaja mazoezini amevaa koti, na waya wa spika yake kaukunja tayari. Akasema ana wimbo mpya, unaitwa "Jokofu Tupu". Akanipa karatasi. Imechakaa, ina mikunjo ya watu kumi na wawili. Mstari wa kwanza tu, mkao wa kihuni!

Mpwa wangu akainama, akajifanya anakaza skrubu za drams.

Hapo ndipo pa kumuuliza kwa upole. Hapo ndipo pa kumshukuru. Nikamwambia, Friji, mimi nakupenda kama ndugu, ila wenzako wamepiga kura.

Friji akamtazama mpwa wangu, maana wenzake ni yeye peke yake. Mpwa akanyoosha mkono, akasema nimepiga, kaka, samahani. Friji akanipa mkono kwa nguvu, akasema ahsante sana Mjomba, akabeba spika yake akipiga mluzi. Tukashusha pumzi wote watatu. Dada nimemwambia kaitwa kutengeneza majokofu ya meli.

Tangazo nimeshalibandika dirishani: Anatakiwa mpiga gitaa, mzoefu, asiyetunga.

Karatasi kaiacha. Dada alipotoka kwenda kununua uzi nikafunga mlango, nikajaribu ule mkao mara moja. Niandike tu, hapa hasomi mtu. Kidole ni kizima. Hakijaumia kwa lori wala kwa paa. Ni kwamba nikikilaza pale juu ya nyuzi, kinauma.