Nguzo Mbili za Babu na Basi la Wakwe

West Bay, Doha

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi ya Daisy, ambaye pia ni ndugu yangu Benard,

Bwana asifiwe sana. Goti lako linasemaje siku hizi za mvua? Na mke wako, na yule ng'ombe anayekataa kukamuliwa na mtu mwingine ila yeye? Mimi namshukuru Mungu, ni mzima, isipokuwa joto la huku linanikausha kama omena, na moyo wangu umeumia. Umeuumiza wewe, Mheshimiwa, lakini nakuandikia kwa upendo.

Nimesoma kwenye kundi la simu kwamba Jumamosi utaleta trekta uangushe zile nguzo mbili za mawe kwenye njia ya kuingia nyumbani, ili basi la wakwe wetu akina Mwaura lipite siku wanapokuja kumchukua binti yangu. Nilisoma nikiwa kazini, nikaketi. Mlinzi haruhusiwi kuketi. Barua hii nitaipiga picha niitume, ikufikie kabla ya trekta. Nayapanga malalamiko kwa namba ili kamati isiseme ni machozi ya mama wa bibi harusi tu.

1. Nguzo hizo ni historia. Watoto wako hawajui, kwa sababu unawasimulia habari za mpira tu. Enzi za Babu, yule mzungu waliyemwita Bwana Kofia alichonga barabara yake mwenyewe kutoka stesheni ya reli hadi shambani kwake, ya motokaa peke yake. Watu wa miguu, marufuku. Mikokoteni ya ng'ombe, marufuku kabisa. Kila gari lilisimama kwenye nguzo zetu, likalipa ushuru, ndipo Babu, bawabu wake, akainua ile boriti ya chuma iliyofunga njia. Leo kimebaki nini? Daraja dogo ambapo kina mama wanaanika mahindi, kipande kilichonyooka ambacho vijana wamekifanya uwanja, na nguzo mbili. Ile ya kulia bado inang'aa mahali Babu alipokuwa akiegemeza mgongo. Neno la Mungu linatukataza kung'oa mawe waliyosimika wazee wetu. Sikulitunga mimi.

2. Nguzo hizo ni heshima yetu. Mvua ikinyesha motokaa zilikwama, na waliokuja kuzivuta ni ng'ombe wale wale waliokatazwa barabara. Siku moja Bwana Kofia mwenyewe akafikishwa kwa Babu hivyo, ameketi ndani ameshika usukani, mafahali wawili mbele. Babu akalizunguka lile gari, akasema, "Bwana, kinachovutwa na ng'ombe ni mkokoteni. Mkokoteni hauruhusiwi. Rudi." Na akarudi! Baba alitusimulia hiyo mpaka chai inapoa. Serikali ilipofungua barabara ya bure ng'ambo ya kilima, ya Bwana Kofia ikafa, lakini hakuna gari lililowahi kumpita Babu bila ruhusa. Nawe unataka basi limpite.

3. Mimi pia ni mtu wa kizuizi. Hapa kwenye ghorofa nasimama kando ya mkono wa plastiki unaojiinua wenyewe kamera ikisoma namba ya gari. Vumbi likiziba kamera, mashine inaduwaa, mudir, bosi wetu, anapiga kelele, na ni mimi ninayebonyeza kitufe. Harun, dereva wetu Mganda, hunitania: "Dada Winfred, ukoo wenu mzima kazi yenu ni kufungia watu njia!" Nami humjibu, "Na kufungua, bwana. Na kufungua." Sasa nitamwambia nini?

4. Lalamiko la nne nimelisahau, lakini lilikuwa zito. Kamati ilitilie maanani.

5. Wakwe wakija kumchukua msichana ni lazima wafungiwe geti, waimbe, wabembeleze, watoe kitu kidogo ndipo wafunguliwe. Wengine hufunga kamba, wengine leso. Sisi tuna kituo halisi cha ushuru, Benard, na unataka kukivunja! Kwa hivyo naamuru, kwa unyenyekevu: toa ile boriti kwenye paa la zizi lako, ipake rangi nyekundu na nyeupe, uirudishe mahali pake, nawe usimame hapo na koti refu. Basi la akina Mwaura lisimame. Washuke, wazee kwa vijana, waimbe mpaka tutosheke. Likikwama matopeni na kuvutwa na trekta, sheria ya Babu inajulikana: ni mkokoteni, lirudi Murang'a. Askofu naye, akija kufungisha ndoa, asimame, atuombee hapo hapo. Na wakubwa wa kaunti wakileta lami, ipite katikati ya nguzo kwa adabu. Ikiwa ni pana mno, waipunguze.

6. Na usije ukaniambia utaangusha moja tu. Nguzo moja si geti, ni mjane.

Naomba kamati iyajadili haya kwa maombi. Mimi nimekwisha kuanza: Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, nilitoa ombi kanisani, sikukutaja jina, nilisema tu "ndugu mmoja mwenye trekta."

Nisalimie mke wako, majirani wote wa ng'ambo ya daraja, na Daisy. Mwambie ale. Ng'ombe naye umsalimie.

Ni mimi dada yako asiyependa ugomvi,

Winfred Nasimiyu

Tanbihi: Kabla sijafunga barua, Phyllis ninayekaa naye Al Thumama amenifikia hapa kazini na habari njema. Makochi na friji ya milango miwili niliyomnunulia Daisy vimefika Mombasa. Wakala aliuliza kama lori kubwa litafika mpaka mlangoni, nami nikajibu, kwa imani, litafika. Basi Jumamosi trekta likija, usilirudishe. Liangushe nguzo ya kushoto. Mungu ni mtetezi wa wajane. Ile ya kulia mtu asiiguse, maana ndiyo aliyoegemea Babu. Siku ya harusi uegemee hapo hapo, boriti uishike kwa mkono, na wakwe waimbe. Tafadhali nijibu upesi.