Kuhusu Chumvi ya Manispaa Inayokula Rimu Zangu

Mheshimiwa Meya,

Nakuandikia kwa heshima zote, mimi Normande Pelchat, mjane wa Mtaa wa Kanisani hapa Sainte-Philomène, yule aliyekutengeneza nywele siku ya harusi yako. Natumaini hujambo na familia. Mimi sijambo, ila rimu za gari langu ni wagonjwa.

Marehemu mume wangu, Rosaire, aliniachia gari jekundu lenye rimu za alumini. Alizipenda kuliko alivyoipenda nyumba, na zilikuwa zinang'aa kiasi cha mtu kujinyolea ndevu mbele yake. Msimu wa baridi uliopita gari lenu la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani lilipita mtaani kwetu bila kuchoka. Theluji ilipoyeyuka nikafungua magurudumu niyaoshe, nikakuta vanishi imefura malengelenge kama mkono uliomwagikiwa maji ya moto, na chini yake unga mweupe. Nililia, Mheshimiwa. Rosaire mwenyewe sikumlilia hivyo, maana yeye aliugua muda mrefu na tuliagana vizuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimefanyishwa kazi isiyo yangu. Nilishinda gerejini nikisugua kwa msasa hadi malengelenge yote yakaisha, nikapangusa kwa spiriti, nikapulizia rangi ya msingi, kisha ya fedha, kisha vanishi, nikingoja kila mkono wa rangi ukauke. Sasa zimerudi kama mpya. Lakini nilipokwenda kanisani na fedha kwenye nyusi, padri aliniuliza kama naumwa.

2. Nilipopiga simu ofisini kwako, msichana aliyepokea akasema, "Mama, nunua rimu za chuma za msimu wa baridi, hizo uzitunze ndani kama watu wote." Mheshimiwa, mkeo ana pete nzuri. Je, baridi ikianza Novemba unamvua ukamvalisha ya waya?

3. Wiki hii, theluji ya kwanza ilipoanguka, nilimsimamisha dereva wenu wa chumvi, Bwana Gaétan Lebrun, katikati ya barabara. Akateremsha kioo.
"Bi Normande, nisipomwaga utateleza mpaka mtoni."
"Basi niteleze. Wakiniopoa watakuta rimu safi."
Akacheka. Nalalamikia kicheko hicho, hasa kwa kuwa kilikuwa kizuri na kimenikaa kichwani tangu siku hiyo.

4. Chumvi hii ina tamaa. Imemaliza rimu, sasa iko kwenye ngazi za kanisa. Ikimaliza ngazi, waumini watapandia wapi? Wasipopanda hawatasali, wasiposali watakaa nyumbani wakiwaza, na watu wanaowaza, Mheshimiwa, ndio wanaobadilisha mameya.

Kwa hiyo naomba gari la chumvi liuruke mtaa wangu, na wakazi wafundishwe kutembea kama bata, miguu wazi, hatua fupi. Ikishindikana, basi Bwana Lebrun aje kwangu kila Jumamosi, apige magoti gerejini, aoshe chumvi yake kwa maji ya uvuguvugu na azipake rimu nta huku nikimsimamia.

Nisalimie mkeo, wanao, baraza zima, na karani wako wa fedha ingawa hajawahi kunisalimia.

Wako katika ujenzi wa mji,
Normande Pelchat

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado inangoja stempu Bwana Lebrun alipobisha hodi. Alikuja kuomba radhi kwa kucheka, na nyuma ya gari lake alikuwa na rimu nne za chuma, nyeusi, mbaya kama dhambi, zenye tairi za theluji. Nilimwambia sizitaki. Akanijibu, "Mumeo angetaka ufike salama, si ung'ae." Nikampisha gerejini. Alizifunga zote, tukazipaka zile za Rosaire nta pamoja na kuzifunika blanketi. Akala supu ya njegere bakuli mbili, akaniambia naye ni mgane. Tafadhali usizingatie lolote hapo juu. Mtaa wetu una mteremko mbaya sana. Naomba gari la chumvi lipite mara mbili kwa siku, na ikiwezekana, moja iwe saa ya chakula cha mchana.