Mnyonya Damu, Mama Mkwe na Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeshinda vita bila kurusha hata jiwe moja! Mkutubi alipofungua mlango wa maktaba alinikuta nimeshauegemea, nusura niangukie ndani. Nimeazima nakala pekee ya riwaya ya mnyonya damu. Kurasa mia saba na kumi na mbili. Nimeibatiza jina la Tofali.

Sababu ni hii. Jumamosi chama chetu cha wasomaji kinachagua mwenyekiti. Wagombea wawili: mimi na mfamasia wa duka la dawa la pale kona. Kila mmoja atasimama aisimulie riwaya hiyo mpaka mwisho wake. Mfamasia mimi humwita Kutwa Mara Tatu, maana hata vitabu anavisoma kama dozi: kurasa kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, baada ya chakula. Sasa atasoma nini? Maboksi ya vidonge!

Tatizo dogo. Mwezi uliopita niliwatangazia wanachama wote kwamba nimeisoma riwaya hii mara tatu. Sijawahi hata kuigusa. Si kitu. Siku tano ninazo, na akili ninazo.

Nimeanza jioni hii hii. Ukurasa wa kwanza, ukungu. Wa pili, ukungu. Wa tano, farasi ndani ya ukungu. Wa tisa sikumbuki. Niliamka shavu langu likiwa juu yake.

Jumanne, 4 Juni

Nimesomea kazini. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, na wiki hii mteja mkubwa ni mama mkwe. Alikuja kwetu kwa siku mbili tu, kupimwa meno ya juu. Leo ni wiki ya sita! Sofa langu la dirishani amelihamia, mto wangu anauwekea miguu. Mke wangu ameshasema mama yake haondoki bila meno. Kwa hiyo meno haya nayatengeneza kwa upendo mwingi.

Bosi yuko semina wiki nzima. Nilimsimamisha Tofali, nikamwegemeza kwenye sanamu ya plasta ya ufizi wa Mama, nikawa napanga meno kwenye nta huku nasoma. Ukurasa wa 41, bwana wa ngome anatabasamu kwa mara ya kwanza. Aya nzima juu ya chonge zake! Ndefu, nyeupe, zinameta kwenye mwanga wa mshumaa. Nilisisimka mpaka vidole. Nilipoinua macho nilikuta meno yote kumi na manne yameshapangika yenyewe. Huo ndio ufundi.

Jioni nimefanya kosa moja tu. Nilimweka Tofali mezani nikaenda kunawa. Niliporudi, Mama alikuwa kwenye sofa, miwani puani, ukurasa wa 30. Nilimwomba kwa adabu zote. Alisema nisubiri amalize sura. Nimehesabu, sura hiyo ina kurasa themanini! Nikaenda kumlalamikia mke wangu. Akasema tangu mama afike leo ndiyo siku ya kwanza hajakosoa mboga, na nikithubutu kumnyang'anya kitabu nitajibizana na yeye mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Mama yuko ukurasa wa 388. Anasoma akila, anasoma akisuka nywele, anasoma huku simu yake inaita. Mchana alipiga kelele. Tulikimbia sote sebuleni. Kumbe mtumishi wa ngome amekufa. Nilitamani kujua amekufaje. Mtu aliyesoma mara tatu haulizi.

Kisha nikapata wazo la kipekee! Kwa nini nisome mimi, wakati Mama anasoma? Atanisimulia. Nilimpelekea chai, nikamwambia nimesahau kidogo jinsi inavyoisha. Akanitazama juu ya miwani. Akasema hadithi ya namna ile haisimuliwi na kibogoyo, kila neno linamtoka na upepo. Nimpe meno kwanza, ndipo anipe hadithi.

Haya basi. Meno!

Alhamisi, 6 Juni

Utaratibu wa kazi yetu hauna mjadala. Meno yakishapangwa kwenye nta, mteja anakuja kuyajaribu mdomoni. Nta ni laini, jino unalisogeza upendavyo. Ukishapika yakawa magumu, yamekuwa magumu, hata ulie. Majaribio hula siku mbili.

Siku mbili sina. Nimepika bila kujaribu. Bosi hayupo, sanamu ya plasta haina mdomo wa kusema. Wakati wa kung'arisha niliona kama chonge zimezidi kidogo. Nikaenda dirishani, bado zimezidi. Nikarudi pale penye giza karibu na kabati. Pale zilikuwa sawa kabisa. Nimeamua ni taa tu.

Nilipita duka la dawa makusudi. Kutwa Mara Tatu aliniuliza kitabu nimefika wapi. Nilimjibu kwamba narudia mara ya nne, kwa raha zangu. Uso ulimshuka! Nilitembea hadi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Juni

Mama amevaa meno.

Alikwenda kwenye kioo. Akafunga mdomo, chonge zikabaki nje. Akaufungua, akaufunga tena. Zikabaki nje. Nikaanza kuhesabu hatua hadi mlangoni. Mke wangu alinishika shati, akaniuliza nimemfanya nini mama yake. Nikasema ndiyo mtindo mpya. Akaniambia nitakula mtindo huo chakula cha jioni.

Mama alichukua karoti. Ilikatika mara moja, kwa mlio ambao sitausahau. Akatafuna polepole, akisema tu kwamba yanakata vizuri. Halafu akatabasamu. Jamani! Akaniita niketi karibu, anisimulie mwisho wa riwaya kama tulivyoahidiana.

Nimeandika kurasa mbili za maelezo. Mwisho wenyewe ni mzuri ajabu. Bwana wa ngome anatubu, anang'olewa chonge zote mbili, anafungua duka la maua na kumwoa mjane mwenye watoto watano. Nilitokwa na machozi. Kesho mimi ni mwenyekiti!

Jumamosi, 8 Juni

Natamani ardhi ipasuke.

Alasiri, ukumbi wa maktaba, watu arobaini. Mama alisema atanisindikiza, akaketi nyuma, mtandio mdomoni. Kutwa Mara Tatu alianza. Alikiri kwamba kitabu alikikosa, badala yake akaeleza makundi ya damu kwa dakika kumi. Wakampigia makofi! Kwa makundi ya damu!

Nikasimama mimi. Nikaanza na ukungu, nikaenda kwa farasi, nikaruka moja kwa moja hadi duka la maua. Nilipofika kwa mjane nilitia na huzuni sautini. Mkutubi alivua miwani. Akauliza, kwa upole kabisa, duka hilo liko ukurasa wa ngapi. Nikasema wa mia saba. Mama akampitishia Tofali kutoka mkobani mwake. Ukurasa wa mia saba, ngome inawaka moto. Wote wanakufa. Hata farasi! Watu walicheka mpaka mlinzi akaingia kuangalia kuna nini.

Ndipo Mama aliposimama, akashusha mtandio. Akasema mkwe wake, maskini, amedanganywa na mtu. Akatabasamu. Safu ya mbele yote ilirudisha viti nyuma. Akasimulia kuanzia ukungu hadi moto, saa nzima, na hakuna aliyekohoa. Alipoonyesha bwana wa ngome anavyouma shingo, Kutwa Mara Tatu alipiga ukelele akamkumbatia mkutubi.

Mama ameandikishwa uanachama papo hapo na kuchaguliwa kwa kura zote. Hata mkono wangu ulipanda wenyewe. Kazi hiyo ni ya mwaka mzima, na mwenyekiti lazima aishi jirani na maktaba. Mke wangu aliposikia alilia kwa furaha. Mimi pia nililia. Nililia kwa ajili ya sofa.

Jumapili, 9 Juni

Nimemuuliza Mama kwa nini alinidanganya. Akasema mimi nilimpa meno bila kuyajaribu mdomoni, naye akanipa mwisho bila kuujaribu kitabuni. Nimejitolea kuzipunguza chonge. Amekataa katakata. Anasema asubuhi sokoni foleni nzima ilimpisha.

Lakini sijakata tamaa. Kiti cha makamu mwenyekiti kiko wazi! Kutwa Mara Tatu naye anakitaka. Kitabu cha mwezi ujao ni cha mizimu, kurasa mia tisa na nne, nakala moja tu. Mkutubi aliniruhusu niichukue jana ile ile, nadhani kwa huruma. Nimeshaanza. Ukurasa wa kwanza, mvua. Wa pili, mvua.

Nimempa Mama asome. Naye anataka seti ya chini haraka, na nimemhakikishia majaribio hatuhitaji, sasa mdomo wake naujua. Ameniapia kwamba safari hii atanisimulia mwisho wa kweli. Alitabasamu wakati anaapa, na sioni kwa nini nisimwamini.