Bangili Niliyompa Shemeji

Jumatatu, 6 Mei
Miaka yote hii mimi, Gommaar, ndiye ninayembeba Pier Mrefu, sanamu la jitu lililosukwa kwa fito, ambalo mji wetu hulitembeza kwenye sherehe. Naingia chini ya sketi yake, namnyanyua, namchezesha mitaani, watu wanalia kwa furaha. Leo nimeyumba jikoni nikiwa nimeshika siagi tu! Sikio la ndani limeugua. Sakafu inakwenda, mimi nimesimama. Bi Annelore, mtaalamu wa mazoezi, kasema mwili unaoogopa kuanguka hukaa kitini, na ukikaa tu, chakula hugeuka mafuta na usingizi hukimbia. Kweli tupu. Kitambi kimeota, macho hayafumbiki. Dawa? Nikazie macho kidole gumba, nitikise kichwa kulia na kushoto, kisha nitembee sana. Kidole gumba! Kanivika na bangili inayopima mwendo na usingizi na kumpelekea hesabu kwenye kompyuta. Nisipopona kabla ya maandamano ya sherehe ya Juni, Pier atabebwa na Wannes, kaka wa mke wangu. Wannes! Mtu asiyeweza kubeba hata lawama.

Alhamisi, 9 Mei
Nimejaribu. Nimetapika juu ya maua ya mke wangu, Reinhilde. Basi, sirudii ng'o! Akili ni mali. Wannes anajifua kila siku na Pier kule bandani, akihema kama mtungi wa bia unaovuja. Nimempa bangili. Nimemwambia ni zawadi, ukoo ni ukoo. Kaivaa papo hapo. Wannes na vya bure! Yeye atoke jasho, sifa nile mimi.

Ijumaa, 24 Mei
Bi Annelore kapiga simu, nusura aimbe. Eti natembea kama kijana, nalala kama mtoto mchanga. Nimepokea pongezi nikiwa nimejilaza, chipsi kifuani. Sijalala tangu juzi.
Jambo moja linanikera. Wannes anashindana na bangili. Anakwenda kununua mkate mji wa pili kwa miguu. Bia anaiacha nusu. Suruali inamvuka. Reinhilde kasema kaka yake karudi ujana, akakitazama kitambi changu. Bora angetukana.

Jumanne, 11 Juni
Bi Annelore kasema nimepona, nisirudi tena. Ushindi! Nikakimbilia bandani, kamati nzima ya maandamano ipo. Nikaingia chini ya sketi, nikanyanyua, nikageuka mara moja. Nilipojitambua nilikuwa nimekumbatia ngoma kubwa ya bendi. Akaingia Wannes chini ya Pier. Kazunguka na kuzunguka, hata kuhema hakuhema. Wakampa Pier palepale. Akanishukuru mbele ya wote, machozi yakimlengalenga: shemeji, bangili yako imenirudishia uhai. Nikisema kweli, mimi ni tapeli. Nimejipalia makaa mwenyewe. Nina uchungu, nina uchungu mno.

Jumapili, 16 Juni
Maandamano. Nimemfuata Pier tangu kanisani mpaka sokoni na kurudi, nikingoja Wannes aanguke. Sikuondoa macho kwenye pua ya Pier. Na kutikisa kichwa! Siku nzima, kulia, kushoto, kulia, kushoto: hapana, hapana, si haki. Hakuanguka, mshenzi yule. Watu wamelia kwa furaha. Mimi wameniambia pole, tena kwa sauti ile ya msibani. Nimekula sahani mbili za kome wa baharini kwa hasira, nikaanguka kitandani na viatu.

Jumatatu, 17 Juni
Ajabu! Nimeamka jua liko juu. Nimelala fofofo. Sakafu imetulia. Nimebeba siagi mpaka mezani, haikuyumba! Reinhilde akasema labda ni kile kichwa nilichotikisa jana kutwa nikitembea, si ndiyo mazoezi ya Bi Annelore? Nimecheka. Wanawake na kidole gumba chao! Ni kome, bila shaka.
Nimerudi kitini kupumzika. Kesho nampigia Bi Annelore, nimlilie kwamba kizunguzungu kimenirudia, anipe bangili nyingine, nipate tena zile pongezi. Nimeshamwona wa kumvisha. Mbwa wa paroko hukimbia kutwa, na usiku hulala vizuri sana.